KUMWITA MTU MWENDAWAZIMU NI KUTOA USHAHIDI
Uhakiki wa namna tunavyopima maradhi ya akili katika Kibiti na Delta ya Rufiji

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyempa mwanadamu akili na kwa hiyo akili akamkalifisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, mara nyingi baada ya swala ya Ijumaa maimamu hufuatwa na watu wenye swali ambalo kwa dhahiri ni dogo. Mzazi huja na mtoto asiyesema, akauliza: je, huyu amechezewa? Mke huja na habari za mumewe aliyebadilika, haswali, halali, anazungumza peke yake. Ndugu huja na kijana wao mwenye kuanguka. Kila mmoja anataka neno moja tu kutoka kwetu, nasi aghlabu tunalitoa palepale, miguu ikiwa bado barazani na viatu havijavaliwa: ana majini, ana wazimu, ni taahira.

Makala hii ni uhakiki wa neno hilo. Tunadai kwamba kulitaja jina la maradhi ya akili ya mtu ni ushahidi, sawa na ushahidi wa deni au wa damu, kwa sababu hukumu za swala, ndoa, talaka, mali na mirathi hulifuata. Na ushahidi hautolewi kwa dhana. Tutajihakiki kwanza sisi wenye vilemba kwa vitabu vyetu wenyewe, kisha tutawahakiki ndugu zetu wa hospitali kwa vitabu vyao.

KISA CHA MTOTO WA DELTA

Baada ya masika ya mwaka 2002 tulikuwa tukisomesha katika kijiji kimoja cha Delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Usiku mmoja tuliletewa mtoto wa kiume wa miaka mitano. Macho yalikuwa yamepinduka, meno yameumana, viungo vikitetemeka. Mwili wake ulikuwa wa moto kiasi ambacho tulipoweka mkono kwenye paji la uso tuliuondoa. Wazee waliokuwapo wakasema ni degedege, na ya kuwa mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Wakatutazama sisi.

Tulisema: huyu ameshikwa na majini, tumsomee. Tukasoma hadi alfajiri. Kusoma Qur'ani si kosa, na hatujutii hata herufi moja ya tuliyoyasoma. Tunachokijuta ni kwamba tulipoanza maji yalikuwa yamejaa mtoni, na mtumbwi ungeweza kutoka. Tulipomaliza maji yalikuwa yamekupwa, na mtu wa delta anajua maana yake: hakuna chombo kinachotoka kwenye kijito hadi maji yarudi. Mtoto alifikishwa kwenye tiba alasiri. Alikutwa na malaria iliyopanda kichwani. Akatundikiwa dripu ya kwinini, akapona kwa idhini ya Allah. Lakini hakurudi alivyokuwa. Maneno yake yalipungua, akawa mzito wa kufahamu, na kijiji kikamwita zezeta.

Madaktari wanajua vizuri kwamba baadhi ya watoto wanaonusurika na malaria ya kichwa hubaki na kifafa, udhaifu wa viungo au upungufu wa akili. Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba lau angefikishwa usiku ule asingedhurika. Tunasema tu kwamba saa zile zilikuwa zake, nasi tukazitumia kwa neno tulilolitamka bila kuuliza lolote.

Mwaka 2019 baba yake alifariki. Aliacha mke, kijana huyo ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, mabinti wawili, shamba la minazi na mtumbwi na nyavu zake. Ndugu wawili wa marehemu wakasema kijana asihesabiwe katika mirathi kwa kuwa hana akili. Wakaleta hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya hospitali, ambayo tutaieleza mbele. Ya pili ilikuwa sisi: Sheikh mwenyewe alisema tangu zamani kwamba mtoto huyu ni wa majini. Neno letu la usiku mmoja lilikuwa limekaa miaka kumi na saba likingoja kutumika.

LUGHA YENYEWE INASEMAJE

Waarabu wana shina la herufi jim, nun na nun, na maana yake ya asili ni kufunika. Kutokana na shina hilo tunapata jini, kwa sababu amefichika machoni. Janin, mtoto aliyefichwa tumboni. Janna, bustani iliyofunikwa na miti yake. Na junun, kufunikwa kwa akili. Hivyo majnun katika istilahi ya mafakihi ni mtu ambaye akili yake imefunikwa, sababu iwe ni jini, au pigo la kichwa, au homa, au maumbile. Yeyote anayedhani kwamba neno majnun linathibitisha kuwapo kwa jini ndani ya mtu amechukua undugu wa maneno akaufanya ushahidi.

Kiswahili chetu kina mtego kama huo. Katika neno mwendawazimu tunasikia mzimu, na katika degedege tunasikia ndege. Majina haya yametaja sababu kabla mgonjwa hajaangaliwa. Kisha tukayatumia kwa watu mbalimbali kabisa. Mwenye kifafa, ambaye baina ya mianguko yake ana akili timamu kama mimi na wewe. Mwenye ulemavu wa akili tangu utotoni. Mwenye usonji, ambaye huenda akawa na hifadhi ya ajabu ila hawezi kumtazama mtu usoni. Mwenye skizofrenia aliyeanza kuugua ujanani. Mwenye sonona aliyelemewa na huzuni. Wote hawa barazani kwetu ni vichaa. Fakihi hawezi kuhukumu kwa neno hilo, kwa sababu hukumu zao hazifanani.

SHERIA ILIVYOPIMA KABLA YA KUHUKUMU

Ajabu ni kwamba Sheria yetu ilishatenganisha yale tunayoyachanganya. Katika aya ya deni, Suratul-Baqara aya ya 282, mdaiwa asiyeweza kuandikisha mwenyewe ametajwa kwa hali tatu mbalimbali: safihi, dhaifu, na asiyeweza kuimlisha. Wangekuwa kitu kimoja wangetajwa kwa neno moja. Na katika Suratun-Nisaa aya ya 6 mawalii wameamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka waone kwao uongofu wa kutunza mali. Mafakihi wa Kishafi, kama alivyofanya Imamu Nawawi katika Minhaj, wakaeleza kwamba jaribio hilo hutofautiana kwa watu: mtoto wa mfanyabiashara hupimwa katika kuuza na kununua, mtoto wa mkulima katika kilimo, na mwanamke katika mambo ya nyumba yake. Yaani mtu hupimwa katika maisha anayoyajua. Na jaribio hilo hurudiwa mara mbili au zaidi, halitoshi moja. Tunaomba msomaji aikumbuke nukta hii, tutaihitaji.

Tazama pia mwendo wa Mtume (s.a.w.). Maiz alipokuja kukiri zinaa, Mtume hakuridhika na kukiri kwake. Alimuuliza kama ana wazimu, kisha akatuma watu kwa jamaa zake kuuliza kama wanajua kasoro yoyote katika akili yake. Mgonjwa aliulizwa, na waliomjua wakaulizwa. Hii ndiyo njia ya uchunguzi.

Na kuna kisa cha yule sahaba aliyekuwa na udhaifu katika maamuzi, akipunjwa anapouza na kununua. Wengi wanamtaja kuwa ni Habban bin Munqidh. Jamaa zake walikuja wakaomba azuiwe kabisa asishike biashara. Mtume (s.a.w.) akamwita mtu mwenyewe, akamsikiliza, na alipoeleza kwamba hawezi kuvumilia kuacha biashara, akamfundisha tamko la kumwambia muuzaji kwamba hakuna kuhadaana. Ndugu msomaji, zingatia mpangilio huu. Jamaa waliomba mlango ufungwe. Mtume hakulikataa tatizo, kwani udhaifu ulikuwapo kweli. Lakini alimwekea mtu nyenzo ya kuishi nao.

Halafu kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na yule mwanamke mwenye wazimu aliyepelekwa kupigwa mawe. Sayyidna Ali (r.a.) akamrudisha, akamkumbusha Umar kwamba kalamu imeinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Katika riwaya ya Abu Daud imo kwamba Ali alisema huenda jambo lilimkuta akiwa ndani ya ugonjwa wake. Umar akasema hajui. Ali naye akasema hajui. Kwa kutokujua huko mwanamke akaachiwa. Viongozi wawili wa umma huu walikubali kusema hawajui, nasi tunaona haya kulisema neno hilo mbele ya mzee wa kijiji.

Kutokana na misingi hii mafakihi wakagawa. Kuna wazimu wa kudumu na wazimu wa vipindi. Mwenye vipindi hukalifishwa katika nafuu yake, swala zake zikasihi na mikataba yake ikapita. Kuna kuzimia, nako kuna hukumu zake. Kuna ma'tuh, mwenye akili dhaifu na fahamu ndogo. Wengi wa Kihanafi wamemweka daraja la mtoto mwenye kupambanua, mambo yenye manufaa matupu kwake yanasihi, na yenye faida na hasara yanangoja idhini ya walii. Wenzetu wa Kishafi wamekaza zaidi katika mikataba. Kuna safihi, mwenye akili timamu lakini mfujaji. Na katika maradhi ya kufisha, Minhaj inasema wakitilia shaka, hayathibiti ila kwa matabibu wawili waadilifu. Basi kumtaka mjuzi wa tiba atoe ushahidi si bid'a iliyoletwa na serikali. Ni fiqhi yetu.

MAKOSA YETU SISI WASOMAJI

Hatukanushi majini. Qur'ani imewathibitisha, na ruqya ni sunna. Tunachokipinga ni kuwafanya majini kuwa jibu la kwanza na la mwisho.

Ibnul-Qayyim, ambaye kitabu chake cha tiba ya Mtume kinatajwa sana na wasomaji wa ruqya, amesema kifafa ni aina mbili: kinachotokana na roho chafu, na kinachotokana na mvurugiko wa mwili ambao ni kazi ya matabibu. Wasomaji wetu wengi wameishika aina ya kwanza, ya pili wakaifunga ndani ya kitabu. Ibn Sina naye katika Qanun, alipozungumzia melankolia, alisema baadhi ya matabibu wanaihusisha na majini. Yeye kama tabibu hilo halimshughulishi, kwa sababu hata kama chanzo cha mbali ni jini, yule jini anafanya kazi kwa kuugeuza mwili, na mwili ndio unaotibiwa. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu iliyo wazi, ambayo alisema inatoka mwilini na ina tiba ya mwili. Waislamu walikuwa na hospitali zenye kuhudumia wagonjwa wa akili: ya Nuruddin huko Damascus tangu mwaka 1154, ya Qalawun huko Cairo mwaka 1284, na ya Arghun huko Halab mwaka 1354. Lau wazee wetu wangeona kila mgonjwa ana jini, nani angejenga majengo yale?

Huku kwetu kuna kisa kingine cha mto wetu wenyewe. Milima ya Mahenge iko juu ya bonde ambalo maji yake huingia Rufiji na kupita kwetu yakienda baharini. Kuanzia takriban mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta Mahenge watu wengi wenye kifafa wakiogopwa, wakidhaniwa kwamba mate yao huambukiza, wakila peke yao na wengine wakiungua kwa kuangukia motoni. Aliwapa dawa rahisi ya fenobabitali, na wengi wakapata nafuu. Tafiti za miaka ya karibuni zimekihusisha kifafa cha eneo lile na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito. Miaka yote ile watu walikuwa wakishindana na pepo, na kando yao inzi akiuma.

Hata hivyo, tuwe waadilifu kwa watu wa Rufiji. Wako wanaowasema kwamba hukimbilia kwa mganga na kumfukiza mtoto kwa mavi ya tembo. Lakini kumbukumbu za uhai na vifo zilizoanza kukusanywa Rufiji mwaka 1998, na uchunguzi uliotokana nazo na kuchapishwa mwaka 2004, zilionyesha kwamba wengi wa waliokufa kwa homa za malaria walikuwa wameanza kwa tiba ya kisasa. Basi watu hawakuwa na kichwa kigumu kama wanavyosingiziwa. Wengi walichelewa, walikosa chombo, au dawa haikufaa. Na baadhi, kama mtoto wetu, walizuiliwa na mtu waliyemheshimu.

Tuseme pia neno juu ya kufunga watu minyororo, kuwachapa ili jini aseme jina lake, na kuwanyima chakula. Hayo hayamo katika ruqya ya Mtume (s.a.w.). Mwanamke aliyekuwa akianguka alipomjia, Mtume alimhiyarisha baina ya subira yenye pepo na kumwombea dua; akachagua subira, akaomba tu aombewe asifunuke nguo. Akaombewa. Hakufungwa wala hakupigwa, na alichokitaka yeye kuhusu sitara yake ndicho kilichosikilizwa.

MAKOSA YA WENZETU WA HOSPITALI

Sasa ile karatasi. Kijana alipelekwa hospitali moja, ambayo hatuitaji, na ndugu wale wale waliotaka shamba. Aliyempima alikaa naye muda mfupi. Akamwonyesha picha azitaje, miongoni mwake treni na barafu. Akamuuliza hesabu. Akamuuliza leo tarehe ngapi. Kijana akajibu: kumi na tatu. Kalenda ya ukutani ilikuwa na tarehe nyingine, akaandikiwa hajui siku. Karatasi ikatoka: akili yake haifai, hawezi kujisimamia kwa lolote.

Tulipoambiwa habari hii tulihesabu mwezi mwandamo. Siku ile ilikuwa mwezi kumi na tatu. Mvuvi wa delta haishi kwa kalenda ya ukutani. Anahesabu mwezi, kwani huo ndio unaomwambia bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Kijana alijibu kwa kalenda ambayo kwayo tunafunga Ramadhani na kuhiji, akahesabiwa amekosea.

Hatuwalaumu kwa vitabu vyetu, tunawalaumu kwa vyao. Madaktari wa akili wana vitabu viwili vikubwa vya kutambulia maradhi. Kimoja ni cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1952. Toleo la tano lilitoka mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2022. Kingine ni cha Shirika la Afya Duniani, ambacho toleo lake la kumi na moja lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa mujibu wa kile cha Marekani, ulemavu wa akili hauthibiti kwa kushindwa maswali peke yake. Yatakiwa mambo matatu: upungufu katika kufahamu na kufikiri, upungufu katika kuyamudu maisha ya kila siku nyumbani, sokoni na pamoja na watu, na mambo hayo yawe yameanza katika umri wa kukua. Na tangu mwaka 2013 daraja la ulemavu, dogo au kubwa, hupimwa kwa namna mtu anavyomudu maisha, si kwa alama za mtihani. Je, haya hayafanani na aliyoyasema Imamu Nawawi, kwamba kila mtu hupimwa katika shughuli yake?

Vitabu hivyo pia vina subira ambayo mpimaji wa haraka hana. Skizofrenia kwa kitabu cha Marekani haithibiti mpaka dalili za ugonjwa ziendelee miezi sita. Kwa cha Shirika la Afya, mwezi mmoja. Na kabla ya hapo lazima iondolewe shaka ya bangi, ulevi, homa na maradhi mengine ya mwili. Kuhusu mtu anayepandwa, kitabu cha Shirika la Afya kinasema si ugonjwa ikiwa ni sehemu inayokubalika ya mila au dini yake na haimletei dhiki. Hata wao, basi, hawamhesabii maradhi kila atikiswaye na dhikri.

Lakini tunayo hoja juu ya vitabu vyenyewe pia. Kabla ya mwaka 2013 kitabu cha Marekani kilimvua aliyefiwa karibuni asihesabiwe kuwa na sonona kwa haraka. Mwaka 2013 kinga hiyo ikaondolewa, hivyo wiki mbili za dalili zaweza kutosha, ingawa daktari anahimizwa atumie busara. Mjane wetu yumo edani miezi minne na siku kumi, amejizuilia mapambo na matembezi kwa amri ya Mola wake. Mpimaji asiyejua eda atamuuliza kama ameacha mambo aliyoyapenda, kama hatoki nje, naye atajibu ndiyo kwa yote. Haki ya mjane huyu ni kuulizwa zaidi: analala? Anakula? Anatamani kufa? Kwani upande wa pili nao ni hatari: yuko mjane ambaye ni mgonjwa kweli, nasi tunamwambia tu asubiri, eda itakwisha.

MWISHO WA KISA, NA FATWA YETU

Tulikwenda delta. Tulikaa na kijana siku tatu badala ya saa moja. Anajua maji yanajaa lini. Anauza kamba kwa mafungu na kurudisha chenji sawa katika fedha ndogo; fedha zikiwa nyingi zinampotea. Anaswali nyuma ya imamu, ila peke yake huchanganya rakaa. Akiulizwa shamba ni la nani husema la baba. Akiulizwa baba yuko wapi hunyamaza, kisha huonyesha makaburini.

Tukasema haya. Kwanza, tulikosea mwaka 2002, na neno letu lile si hoja ya chochote. Pili, wazimu si kizuizi cha mirathi. Vizuizi vinajulikana: utumwa, kuua na kutofautiana dini. Hata angekuwa majnun wa kudumu angerithi fungu lake kamili. Kwa hiyo mke ana thumuni, na kinachobaki ni cha kijana na dada zake, mwanamume fungu la wanawake wawili. Ndugu wa marehemu hawana kitu pakiwa na mtoto wa kiume. Angeondolewa yeye, mabinti wangechukua thuluthi mbili, mke thumuni, na wao wangeondoka na mafungu matano kati ya ishirini na manne. Hapo msomaji ataona neno zezeta lilikuwa na thamani gani. Tatu, kijana huyu si majnun, ni dhaifu wa akili mwenye kupambanua. Husomeshwa, huamrishwa swala, mali yake husimamiwa na neno lake husikilizwa. Nne, baba mdogo si walii wa mali kwa asili katika madhehebu yetu. Ni baba, kisha babu, kisha wasii, kisha kadhi. Mama naye si walii kwa asili katika kauli yenye nguvu, lakini mwenye mamlaka ya hukumu anaweza kumteua.

Shauri likafika mahakama ya mwanzo, mama akateuliwa kuwa msimamizi. Nusu ya minazi ilikuwa imeshauzwa. Hadi tunaandika makala hii haijarudi.

WASIA KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

Ndugu zetu, tunausia mambo machache. Mtoto mwenye homa na mtikisiko apelekwe zahanati saa ileile. Msomeeni ndani ya mtumbwi, Qur'ani husomwa popote palipo safi. Anayeletwa kwenu, muulizeni yeye kwanza, kisha wanaoishi naye: imeanza lini, huja na kuondoka au hudumu, alianguka, aliugua nini, anatumia nini? Msiandike wala msitamke neno litakalomnyima mtu haki bila ya mjuzi wa tiba, na mjuzi naye msimwache aandike bila kujua maisha ya mgonjwa. Mwambieni kwamba huku tarehe ni ya mwezi. Mwangalieni anayemleta mgonjwa, ana manufaa gani na jibu. Na mwenye nafuu mrudishieni haki zake, kwa kuwa kalamu iliyoinuliwa hurudi anapopata akili. Msimbakize na jina la ugonjwa alioupona.

Na mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui. Umar alisema, na Ali alisema, radhi za Allah ziwe juu yao.

Yaliyo sawa katika haya ni tawfiki ya Allah, na yenye makosa ni yetu na ya shetani. Tunamwomba Allah amsamehe aliyesoma usiku kucha na kusahau maji, na amponye kila mgonjwa wetu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.